Mchina, Mhindi na Salamu za Mama

Ukitaka kununua pikipiki Ifakara, usije kuniuliza mimi. Watu huja. Wanakaa kwenye benchi nje ya kibanda changu cha ushonaji pale Kibaoni, wanazungumza habari za mvua na bei ya mpunga, halafu wanachomekea: eti nasikia wewe unazijua hizi pikipiki, kati ya Mchina na Mhindi ipi inafaa? Huwa nawajibu kwamba mimi ni fundi nguo. Wakikazana nawaambia wanunue baiskeli. Lakini kweli nazijua. Kuna kipindi nilizijua pikipiki hizo mbili kuliko ninavyoyajua mafumbo ya rozari.

Kwa mgeni niseme: Mchina ni pikipiki iliyotengenezwa China, na Mhindi ni iliyotengenezwa India. Kampuni zina majina yake, yameandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangi, lakini kijiweni hakuna anayehangaika nayo. Zote ni pikipiki za mtu wa kawaida, za kubebea mpunga, mke, mbuzi na kreti la soda. Ubishi wa ipi bora hauna mwisho, na wanaobishana zaidi ni wale wasiokuwa na hata moja.

Sisi tulizilinganisha kwa sababu ya mguu wa mama.

Mama yangu alikuwa Mpogoro wa upande wa Mahenge, mjane, Mkatoliki wa kukaa benchi la mbele, na mpika komoni. Mambo hayo mawili ya mwisho hayakuwahi kugombana ndani yake. Alikuwa anatoka misa ya kwanza, anakunja kitenge cha kanisani, anaanza kuchuja pombe. Nusu ya wanaume wa Katindiuka, alikoishi, walikunywa kwake, na kwa hiyo alijua nani kauza gunia na hela haijafika nyumbani, nani kafukuzwa na mkewe, nani kamrudia. Ndiyo maana shikamoo yake haikuishia kwenye marahaba. "Marahaba mwanangu, nyumbani hawajambo?" Hivyo ndivyo alivyomwitikia kila mtu, na hakuondoka mpaka ajibiwe. Mtu aliyekuwa amekunywa hela ya sukari ya watoto alijua vizuri swali hilo lina nini ndani, na wengine walikuwa wanazunguka njia ili wasikutane nalo.

Kisukari kilimpata akiwa mtu mzima sana, au kilikuwepo siku zote na sisi hatukujua. Siku moja alirudi shambani na ndala ya kulia imejaa damu. Alikuwa amechomwa na kisiki cha mpunga, kikaingia mpaka ndani, naye hakusikia kitu. Alicheka, akasema miguu yake imekuwa migumu kama ya punda. Ile ilikuwa mara ya mwisho kumsikia akiuchekea mguu. Kidonda kilikula kidole, kikaenda kwa jirani yake, na hospitali wakatueleza bila kuzunguka kwamba aletwe kusafishwa kila baada ya siku moja, pasipo kukosa, la sivyo mguu utakatwa.

Mama alimsikiliza daktari mpaka mwisho, akamshukuru. Tulipofika nje akasema yeye atazikwa na miguu yake miwili, na yeyote kati yetu atakayetia saini akatwe, huyo asije msibani. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, akiwa anatafuta kivuli. Mdogo wangu wa kiume, ambaye ndiye anayeishi naye Katindiuka na kulima mashamba yake, alinitazama mimi dada yake, nami nikaangalia pembeni.

Basi kazi yetu ikawa moja, kumfikisha mama hospitalini kila baada ya siku moja. Ukiisikia inaonekana ndogo. Kutoka kwa mama mpaka barabara kubwa ni njia ya mashamba, na kiangazi bajaji inafika ikiwa dereva ana moyo. Masika haifiki hata akiwa na mioyo miwili. Tukategemea bodaboda. Wa kwanza alikuja vizuri kwa wiki kadhaa, kisha akaanza kupokea simu na kusema yuko mbali. Wa pili alijifunga shali puani. Wa tatu aliniambia mimi, mama akiwa pale pale amekaa, kwamba abiria wake wengine wanalalamika siti inanuka. Nilimtukana. Sijutii, ila baada ya hapo habari zilisambaa kijiweni na hakuna aliyetaka kuja.

Na hata waliokuja hawakuweza kumbeba peke yao. Mguu ule haukuwa na nguvu ya kukanyagia, na pikipiki ikiruka kidogo tu mama alikuwa anateleza upande. Ilibidi akae katikati, dereva mbele, mimi nyuma nimemkumbatia. Huko kwetu kukaa watu watatu kwenye pikipiki kunaitwa mshikaki, kwa sababu mnakuwa mmechomekwa pamoja kama nyama. Trafiki hawautaki mshikaki. Walitusimamisha mara kadhaa, wakauona mguu ule, wakageuza uso na kutupungia mkono tupite. Mama alikuwa anawaitikia shikamoo zao na kuwauliza nyumbani hawajambo. Yupo mmoja alijibu kwa kirefu, mpaka habari za mkwewe.

Tukauza mpunga tuliokuwa tumeuficha usubiri bei, tukaamua kununua pikipiki yetu wenyewe. Hapo ndipo mdogo wangu alipobadilika. Ni mtu mpole, asiyeweza kubishana hata na bei ya nyanya, lakini kwenye suala la pikipiki aligeuka hakimu. Hakutaka kununua kwa kuambiwa. Alikwenda kwa mafundi watatu, akawaandama waendesha bodaboda, akaulizia mafuta, spea, cheni, oili. Alirudi jioni mikono imejaa grisi, akaongea peke yake wakati anakula.

Hukumu yake ilikuwa hivi. Mchina ni rahisi, spea zake zinauzwa mpaka kwenye maduka ya chumvi, na fundi yeyote aliyelala usiku mmoja tu gereji anaweza kuifungua. Madigadi yake ya mbele yako juu, kwa hiyo matope yanapita. Anachokula ni mafuta, na anapiga kelele. Mhindi bei yake juu kidogo, spea zake lazima uzifuate mjini, lakini mafuta anayanusa tu, na siti ni ndefu na laini. Ubaya wake uko kwenye matope. Madigadi yake yamekaribia mno tairi, na udongo wetu mweusi, kila mtu wa bonde hili anaujua, ukishika hauachi. Ukijaa pale tairi linagoma kuzunguka.

Mimi nilichojali ni siti. Niliipima kwa utepe wangu wa kushonea dukani, mwenye duka akiniangalia kwa mashaka. Ya Mhindi ilizidi kwa upana wa kiganja, na kiganja hicho ndicho kingetosha nusu ya mwili wangu, mimi niliyekuwa nakaa juu ya keria ya chuma na kupata michubuko nisiyoweza kumwonyesha mtu. Nilimwambia mdogo wangu nataka Mhindi. Akaniuliza kama makalio yangu ndiyo yanayoumwa. Hatukusemeshana mpaka kesho yake.

Mama ndiye aliyemaliza ugomvi. Alisema nguo hainunuliwi ukiwa umelala, inajaribiwa, na hii ni nguo yake. Aletewe zote mbili, azipande.

Mchina tuliazima kwa jirani yetu Msukuma, aliyehamia bondeni na ng'ombe wake miaka ya nyuma. Kuna watu Katindiuka hawamsalimii kwa sababu ya ng'ombe na mashamba, ugomvi wenyewe mkubwa na siuelezi hapa. Mama alimsalimia siku zote, na siku zote alimuuliza nyumbani hawajambo, maana na yeye alikuwa mteja. Alitupa pikipiki yake bila maneno, akatutaka tu tuirudishe ikiwa na mafuta.

Ilipita kwenye mashamba vizuri ajabu. Mvua ya vuli ilikuwa imenyesha, kulikuwa na tope, na Mchina alilikata bila kusita. Mdogo wangu aligeuka kunitazama kwa kiburi. Kelele ndiyo ilikuwa kubwa. Niliona watu pembeni wakifungua midomo, wakiinua mikono, na sikusikia neno hata moja. Mama naye alikuwa anafungua mdomo kuwaitikia, na wao hawakumsikia. Tulipita hivyo njia nzima, watu wanachezesha midomo pande zote mbili.

Karibu na barabara kubwa nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Mama naye aliisikia. Alinigeuzia kichwa akanipigia kelele sikioni, akiuliza ni nani anachoma takataka asubuhi yote hii. Nikatazama chini. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeteleza kutoka kwenye kikanyagio, ukaegemea ekzosi, na ndala ilikuwa inayeyuka, imeshikana na chuma, moshi unatoka, na mama anatazama pembeni akimtafuta mchoma takataka.

Nilimpiga mdogo wangu mgongoni mpaka akasimama. Tukaubandua mguu. Ndala ilibaki nusu. Kwa bahati moto ulikuwa haujafika kwenye nyama, bandeji tu ilikuwa imegeuka rangi. Mama aliutazama mguu wake kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama kitu cha mwenzie alichoachiwa akitunze. Mdogo wangu alikwenda akasimama mbele ya pikipiki akajifanya anaangalia taa.

Hata hivyo hakukubali kushindwa. Jioni alisema ekzosi ni jambo dogo, fundi wa kuchomelea atatengeneza kinga ya bati na kikanyagio kipana, mguu utafungwa kwa mpira, mambo yataisha. Matope ndiyo hayana fundi. Alikuwa na hoja, na mimi nilijua ana hoja, ndiyo maana nilikasirika zaidi.

Mhindi tuliazima kwa katekista. Huyo alitupa pamoja na mawaidha. Ekzosi yake ilikuwa na kinga ya kiwandani, mama alikaa katikati bila kubanwa, na mimi kwa mara ya kwanza nilikaa kwenye siti kama binadamu. Lakini nilichokigundua kwanza ni kwamba nilikuwa nasikia. Nilisikia cheni, nilisikia ndege, nilisikia mama akihema. Tulipofika kwenye kalavati, pale njia yetu inapovuka mfereji, tulimkuta mtu mmoja amesimamisha baiskeli yenye mzigo wa majani. Alikuwa mteja wa mama wa siku nyingi, mkewe alimkimbia akarudi, akakimbia tena akarudi, na mama alikuwa anaifuatilia habari hiyo kuliko watu wanavyofuatilia mpira.

"Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba mwanangu, nyumbani hawajambo?"

"Yupo mama, hajambo." Alijibu hivyo, yupo, kwa sababu alijua anachoulizwa.

Mdogo wangu alikuwa amepunguza mwendo bila kuambiwa. Mama alicheka mgongoni kwake, kicheko kidogo, cha kwanza tangu siku ya kisiki. Njia iliyobaki alisalimiana na kila kiumbe. Tulichelewa hospitali, na nesi akatugombeza.

Jioni ile alitoa uamuzi. Mdogo wangu alirudia habari za matope, taratibu, kwa heshima, akamwambia masika inakuja, Mhindi atakwama, na siku atakayokwama hatutakuwa na la kufanya. Mama akasema matope yanakwanguliwa kwa kijiti. Kisha akaongeza jambo ambalo nimeliwaza sana tangu siku hiyo.

"Mtu akikusalimia ukampita kimya, umemwambia kwamba wewe umeshakufa. Mimi sijafa. Nunua hiyo isiyopiga kelele."

Tukanunua Mhindi, mwekundu. Katekista aliombwa kuibariki, akainyunyizia maji mpaka kwenye plagi, ikagoma kuwaka.

Nilifunga kibanda Kibaoni, nikahamishia cherehani yangu kwa mama. Siku za hospitali tulitoka asubuhi, tumemvika sweta, mguu umefungwa bandeji na juu yake mfuko wa nailoni, na kanga mbili zimemfunga yeye na mimi pamoja kiunoni ili asiteleze. Mdogo wangu alikata kijiti cha mkwaju, akakichonga ncha bapa, akakichomeka kwenye keria. Kilikuwa cha kukwangulia matope. Mafundi walimshauri ang'oe madigadi ya mbele, mambo yatakuwa mepesi, lakini alikataa kwa sababu matope yangeruka mpaka kwenye bandeji.

Kwa kitambo ilifaa. Kidonda kilisimama. Nesi yule mgomvi alikiri kwamba nyama mpya inaota, na mama akampelekea kuku. Nilianza kujiambia kwamba tutauokoa mguu, na nilipokuwa peke yangu nilihesabu ni nguo za nani nitarudi kuzishona kwanza.

Kisha masika ikaja, na sitaki kuipamba. Mvua ilinyesha kama vile mtu kalisahau bomba wazi. Mto ukapanda, mashamba yakawa ziwa, watu wakahamisha vitanda. Njia yetu ikabaki utepe mweusi katikati ya maji. Mhindi alikwama kama alivyotabiriwa. Kila baada ya mwendo mfupi tairi la mbele liligoma, mdogo wangu akashuka, akachomoa kijiti, akapiga magoti kwenye tope na kukwangua, huku mimi na mama tumekaa juu, tumefungwa pamoja, hatuwezi kushuka wala kumsaidia. Mama alikuwa anamwimbia nyimbo za Bikira Maria ili asichoke. Mdogo wangu hakuwahi kusema nilikwambieni. Nilitamani aseme.

Zipo siku hatukufika. Maji yalipozidi tulirudi, nikamsafisha mwenyewe kwa maji ya chumvi, nikijua haitoshi. Kidonda kikarudi nyuma, na harufu ikarudi pamoja nacho. Hospitali waliongea tena habari ya kukata, safari hii walitupa na karatasi. Mama aliipokea, akaikunja vizuri, akaiweka ndani ya sweta, na tulipofika kwenye kalavati aliitupa kwenye mfereji.

Msibani watu walisema. Huwa wanasema, wakishashiba wali wa watu. Walisema watoto wake wameona siti laini wakasahau matope. Walisema mngechukua Mchina mngefika. Shangazi mmoja wa kutoka Mahenge, ambaye hakuwahi kuja hata kumtazama mgonjwa, aliuliza mbele za watu ni nani aliyechagua pikipiki ile. Mimi nilisema aliyechagua tumetoka kumzika sasa hivi na miguu yake miwili, kama kuna mwenye swali amfuate. Nafikiri mpaka leo hawajanisamehe. Hawakuwepo. Tuliokuwepo tulikuwa watatu, na ilikuwa hivi.

Haikuwa siku ya kusafisha kidonda. Mama alikuwa ameamka na homa kali, meno yanagongana, anamwita marehemu baba na kumwambia afunge mbuzi. Mvua ilikuwa imekatika, jua jeupe linawaka juu ya maji. Tulimbeba tukamweka kwenye siti. Nilimfunga kanga, nikazifunga tena. Kichwa chake kilikaa mgongoni kwa mdogo wangu, shavu limelala kwenye koti la mvua. Tulipotoka uani, yule jirani yetu Msukuma alisimama mlangoni kwake akasalimia, na mama akaitikia, kwa sauti ndogo lakini nzima, mpaka kwenye nyumbani hawajambo. Tukafurahi, mimi na mdogo wangu. Nilimwona akinyoosha mgongo.

Tulikwama baada ya kuipita michungwa ya kando ya njia. Alishuka, akakwangua, tukaendelea. Tukakwama tena. Safari hii udongo ulikuwa umeshikana ndani kabisa, kijiti hakikufika. Aliingiza vidole. Kucha moja ilitoka, niliona, na yeye hakutazama. Mama hakuimba. Nilimwambia mama, mwimbie mwanao, akasema nitaimba, ngoja nipumzike. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwake, na ni maneno ya mtu aliyechoka tu, hayana maana nyingine.

Tairi likazunguka. Mdogo wangu alipanda, mikono yote myeusi, tukaondoka polepole. Injini ilikuwa kimya kama kawaida yake. Nilikuwa nimezoea kusikia pumzi za mama katikati ya mlio ule, na baada ya muda nikagundua kwamba nasikia injini peke yake. Nilisogeza shavu langu kwenye shingo yake. Nilibonyeza mkono chini ya ziwa lake, pale nilipokuwa nikilala nikiwa mdogo. Nikabonyeza tena. Mwili wake ulikuwa bado una joto la homa, na ulikuwa umekaa wima kwa sababu ya kanga zangu.

Sikusema. Mbele yetu kulikuwa na sehemu mbaya kuliko zote, maji pande zote mbili na njia yenye upana wa mkeka. Mdogo wangu alikuwa amekaza mikono, anachagua kila hatua ya tairi. Niliwaza kwamba nikisema ataachia, tutaangukia majini sote watatu, na mama akiwa amefungwa na mimi. Niliwaza hivyo kweli. Pia niliwaza kwamba mradi sijasema, bado tunampeleka mgonjwa hospitali.

Na pale kwenye kalavati, upande wa pili wa sehemu ile mbaya, alikuwa amesimama mwenye baiskeli ya majani. Alitusubiri tupite kwanza, maana njia haikutosha. Alituona watatu tumekaa kama siku zote. Akavua kofia.

"Shikamoo mama."

Alisikika wazi kabisa. Tulinunua pikipiki ile ili aweze kusikika. Salamu ilikaa hewani. Niliuona mgongo wa mdogo wangu umesubiri, nikaona mkono wake wa kushoto unaanza kukunjuka kutoka kwenye klachi, na tairi lilikuwa bado liko pembeni ya maji.

"Marahaba," nikasema mimi, nimeinamisha kichwa nyuma ya mama.

Mkono ukarudi kwenye klachi. Tukapita. Nilipogeuka, yule mtu alikuwa bado amesimama na kofia mkononi, anatutazama tunavyokwenda, kama mtu ambaye mazungumzo yake hayajaisha. Mdogo wangu hakugeuka. Aliendesha mpaka barabara kubwa, na kwenye lami, ambako siku zote alikuwa anaongeza mwendo, hakuongeza. Alikwenda pole pole vile vile mpaka mjini, na kila aliyetusalimia njiani aliitikiwa na mimi.

Getini pa hospitali alizima pikipiki. Hakushuka. Mama alikuwa bado amelala mgongoni kwake, na mimi nilikuwa bado nimewakumbatia wote wawili.

"Dada," akasema, akiwa anatazama mbele. "Pale kwenye kalavati hukumuuliza nyumbani hawajambo."